Oskiloskopu ya kikundi: michango mwisho Ijumaa

Habari za jioni ndugu zangu. Ile oskiloskopu ya mtumba (mashine inayochora mawimbi ya umeme kwenye kioo) bado ipo, muuzaji ametushikia hadi Jumamosi. Ni Hitachi V-212, ya analogi, chaneli 2 (inapima mawimbi mawili kwa pamoja), inafika megahezi 20. Kwa amplifaya na redio tunazotengeneza inatutosha kabisa.

1. Bei ni Sh 280,000. Tuko 8, kila mmoja 35,000, zimfikie mweka hazina kabla ya Ijumaa saa 12 jioni.
2. Jumamosi saa 4 asubuhi tukutane kituo cha mwendokasi Gerezani, twende dukani pamoja.

Hatutoi hela kabla ya kuijaribu. Iwake dakika 20 nzima, mstari wa kwenye kioo usififie, na chaneli zote 2 zionyeshe vizuri lile wimbi la mraba linalotoka kwenye mashine yenyewe. Nobu tutazizungusha moja moja. Mstari ukirukaruka huenda ni vumbi tu, linasafishika. Kioo kikiwa kimeungua, tunaondoka. Tudai na probu (nyaya za kupimia) 2 nzima, maana mpya zitatuongezea gharama.

Mwenye ekstensheni na multimita aje navyo, tafadhali.

Naomba kila mmoja ajibu leo usiku: "Nimetuma" au "Nitatuma", na kama Jumamosi utakuwepo.