Kwa mwanawe Bi Mkubwa, aliyeko Maskati

Kaka yangu,

Makiwa tulishapeana siku ile mlangoni, watu wakipita na sinia za pilau, nawe tiketi ya kurudi Maskati i mfukoni. Uliniuliza swali moja tu: "Hivi mama alikuwa akifanya nini huko kwako miaka yote tisa?" Nikakujibu, mazoezi. Ukaondoka na jibu hilo, na mimi tangu siku ile limenikwama kooni.

Ulichokuwa ukiuliza hasa nakijua. Ni wewe uliyeniletea kwenye simu, mwaka wake wa kwanza, ile habari ya baraza la fatwa la Malaysia ya mwaka 2008, kwamba yoga ni haramu. Nami kwa ujeuri wangu nikakaa nayo moyoni hadi Saudia ilipoitambua yoga kuwa mchezo, Novemba 2017, nikakurushia habari hiyo bila hata salamu. Nisamehe. Katika darasa langu la yoga hapaimbwi kitu wala hapaabudiwi kitu. Mamako alianza kwa bismillahi, kwa sauti, na hata wanafunzi wangu wasio Waislamu wakaizoea.

Alikuja kwa ajili ya mgongo. Miaka arobaini juu ya cherehani ya miguu, akishonea maharusi wa Mji wa Kale, ilikuwa imempinda kama ndoana. Alipanda ngazi zetu baada ya swala ya alfajiri, amekumbatia mkeka wa ukindu. Nikamwambia ukindu utateleza, achukue wa mpira. Akakataa. Siku ya tatu akateleza, akauchukua wa mpira, akautandika juu ya ule ule wa ukindu. Ukawa unateleza maradufu.

Mkanda wa kuvutia mguu nao hakuutaka. Alileta kanga. Alilala chali, kanga imezunguka unyayo, mguu umenyooka juu, ncha zote mbili mkononi, na nilipotazama vizuri nikaona kanga inafanya kazi kuliko mkanda wangu: ni pana, haikati ngozi. Siku hizi darasa zima linakuja na kanga. Mikanda, matofali na viti vimeenea katika yoga kwa juhudi za mzee B. K. S. Iyengar, mwalimu wa yoga wa Pune, India, mtu aliyeandamwa utotoni na malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu, akaujua mwili usiotaka kulazimishwa. Naamini angeipenda kanga ya mamako.

Kosa langu lilikuwa kumsimulia Bi Mkubwa kwamba Iyengar huyo alimfundisha Malkia Elisabeth wa Ubelgiji kusimama kwa kichwa, bibi wa miaka 80 hivi. Raha yangu ikaishia hapo. "Malkia asimame, mimi mshoni nimepungukiwa nini?" Una presha, Bi Mkubwa. Mwenye presha ya kupanda mimi simgeuzi kichwa chini, awe malkia awe nani. Alininunia wiki nzima. Mwishowe nikampa ukuta: makalio karibu na ukuta, miguu juu, mgongo sakafuni, dakika chache. Ukimwita akiwa hapo alijibu kwamba hayupo, yuko Brussels kwa malkia.

Lakini ninalotaka kukwambia ni la mwisho wa darasa. Tunamaliza kwa kulala chali, mikono kando, viganja juu, macho yamefumbwa. Kwa Kisanskriti huitwa shavasana. Shava ni maiti. Siku ya kwanza nilimtafsiria, kwa kujionyesha tu. Akainuka akaketi. "Mwalimu, huko nitafika. Haraka ya nini?" Kisha akalala kwa ubavu wa kulia, kiganja chini ya shavu, kichwa upande wa bahari. Nilijaribu kumrekebisha, akaniuliza Mtume alikuwa akilala vipi. Nikanyamaza. Kwa miaka tisa wenzake walilala chali, yeye ubavu, na mara nyingi yeye ndiye aliyekoroma.

Aliniambia siku moja, tukikunja mikeka, kwamba tangu babako afariki, dakika hizo tano ndizo pekee katika siku asizotega sikio kusikiliza simu. Sikwambii hili kukulaumu. Uliuliza alikuwa akifanya nini kwangu, basi ndilo hilo.

Wewe ndiwe uliyeshuka kumpokea kaburini. Sisi wanawake tulibaki nyumbani. Lakini najua ulimlaza kwa ubavu gani, na uso umeelekea wapi.

Jumamosi iliyofuata nafasi yake ilibaki wazi. Jumamosi ya pili akaja binti mgeni, hajui hili wala lile, akatandika papo hapo, upande wa bahari. Tukatazamana, hakuna aliyesema neno. Mwisho wa darasa nikawaambia walale. Wanne kati yao, bila kuagizana, wakageukia ubavu wa kulia. Yule mgeni akainua kichwa, akawatazama, kisha akanitazama mimi.

"Mwalimu, ndivyo tunavyolala?"

Nikamwambia ndivyo.