Mashine ya kilomita 91 si majigambo

Mhariri,

Msomaji wako wa Tororo aliuliza wiki iliyopita: Wazungu tayari wana mashine ya kugonganisha chembe yenye mzingo wa kilomita 27 pale Geneva, sasa hii nyingine ya kilomita 91 ni ya nini kama si majigambo? Swali lake ni halali. Kilichonikera ni jibu mlilolichapisha chini yake, eti mashine kubwa huona mbali zaidi, basi.

Nafundisha fizikia S.6 hapa Mbale. Muhula uliopita nilipakua picha za migongano ambazo CERN, maabara yenye mashine hiyo ya Geneva, huzitoa bure mtandaoni, nikazichapa kwenye karatasi, maana kompyuta zetu ni za kugombania. Kazi ilikuwa kuhesabu chembe ziitwazo W: unafuata mstari wa muoni, chembe inayotokana na W, unatazama sumaku imeupindisha upande gani, unaandika chaji chanya au hasi. Chanya zikazidi waziwazi. Binti mmoja wa dawati la mbele akaruka: "Mwalimu, maada imeshinda antimaada!"

Wapi. Antimaada ni pacha wa maada mwenye chaji kinyume, na hapa haikuhusika. Protoni imeundwa na chembe ndogo ziitwazo kwaki: mbili za aina ya u, zenye chaji chanya, na moja tu ya d, yenye chaji hasi, kwa hiyo ukigonganisha protoni kwa protoni lazima W chanya ziwe nyingi. Ni kama mizani ya yule mlanguzi wa kahawa apandaye huku Bugisu, imeshalala upande kabla gunia halijawekwa.

Watafiti wa LHCb, kigunduzi kimojawapo kwenye mashine ya kilomita 27, wanafanya kazi katika hali hiyo. Pande zote mbili zinazogongana ni maada. Kigunduzi nacho ni maada, na humeza kaoni (chembe fulani za muda mfupi) hasi kuliko chanya. Hugeuza mwelekeo wa sumaku yao mara kwa mara ili upendeleo wa kushoto na kulia ufutane. Pamoja na hayo yote, mwaka 2025 walitangaza tofauti ya takriban asilimia 2.45 kati ya uozo, yaani kuvunjika, wa Lambda-b, barioni (chembe ya kwaki tatu kama protoni), na ule wa pacha wake wa antimaada. Kazi ya kupigiwa makofi! Lakini tofauti zote za aina hii zilizopimwa tangu wanafizikia Cronin na Fitch waione ya kwanza kwenye kaoni mwaka 1964 hazitoshi hata kidogo kueleza kwa nini ulimwengu umebaki na maada, antimaada ikatoweka.

Hatua ya kwanza ya mashine mpya ya kilomita 91, FCC, ni elektroni dhidi ya positroni, pacha wake wa antimaada: maada huku, antimaada kule, mizani ianze sawa. LEP, mashine iliyotangulia, ilifanya hivyo katika handaki lilelile la kilomita 27 hadi mwaka 2000, na bosoni Z zake, ndugu za W zisizo na chaji, zilikuwa kama milioni 17. FCC inakusudia trilioni kadhaa. Tatizo la kigunduzi litabaki, nisiwadanganye. Na zile kilomita 91? Elektroni ikipinda kona hutoa mnururisho na kupoteza nishati. Kona ikiwa pana, hupoteza kidogo.

Bei inayotajwa, faranga za Uswisi bilioni 15 hivi, hata mimi inanitisha, na Baraza la CERN, linalotarajiwa kuamua karibu mwaka 2028, lina haki ya kusitasita. Lakini ndugu yetu wa Tororo akipita Mbale, anione. Karatasi za kuhesabu zimebaki, atapewa na rula.

Mwalimu wa fizikia,
Mbale