Mwenye kiwanja mlimani aambiwe mapema urefu wa ghorofa

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie swali ambalo sisi wachora ramani za nyumba hapa Ilemela tunaulizwa kila mara. Inakuwaje aliye bondeni karibu na ziwa apewe ghorofa nane, na aliye mlimani, tena mbali zaidi na uwanja wa ndege, akataliwe hata nne? Mteja anapouliza hivyo huwa ameshajijibu moyoni: kuna mtu kala rushwa. Sisemi haiwezekani. Ila mara nyingi ni hesabu tu, na hakuna aliyekaa naye akamfanyia.

Kipimo hakianzii kwenye msingi wa nyumba yako, kinaanzia uwanjani. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ambazo kwetu zinasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), zinataka kwamba kuzunguka uwanja wenye njia ndefu ya kurukia kama wa Mwanza, kwa umbali wa kilomita 4, jengo lisipite mita 45 juu ya usawa wa uwanja. Kutoka hapo kikomo kinapanda mita 5 kwa kila mita 100, mpaka kilomita 6. Sasa uwanja wetu uko takriban mita 1,147 kutoka usawa wa bahari, na ziwa liko kama mita 1,134. Ndani ya hizo kilomita 4, basi, kikomo ni mita 1,192. Aliye ufukweni amebakiwa na mita 58 hivi za kupanda. Aliyenunua juu ya mwamba ulioinuka mita 35 kuliko uwanja amebakiwa na 10. Ghorofa moja inakula mita 3 na ushee, ongeza paa, ongeza tangi la maji (nani Mwanza anajenga bila tangi?), ongeza antena. Zimekwisha. Hata kreni ya kupandishia zege inahesabiwa, ingawa itaondoka kazi ikiisha.

Kwenye mstari wa ndege kutua na kuruka, mambo ni magumu zaidi: mita 1 ya urefu kwa kila mita 50 za umbali. Kilomita moja tu kutoka mwisho wa njia una kama mita 20.

Mimi sigombani na kanuni hizo. Rubani aliyeshindwa kutua mvua ikipiga kutoka ziwani, akalazimika kuinua ndege na kuzunguka upya, anaihitaji nafasi hiyo. Ninachogombania ni wakati mwenye kiwanja anapoambiwa.

Nina mteja aliyenunua kupitia dalali, akapimiwa, akapata hati. Ramani yake ya upimaji inaonyesha mawe ya mipaka na ukubwa wa eneo mpaka nukta mbili za desimali. Urefu wa kiwanja kutoka usawa wa bahari haumo. Akaanza ujenzi huku maombi ya kibali yakizunguka, jambo ambalo si sahihi lakini sote tunajua ndivyo watu wanavyofanya. Alishamwaga msingi wa ghorofa nne na kusimamisha nguzo za nondo za milimita 20 ndipo jibu likarudi: mbili. Zile nondo zimechomoza juu ya jamvi mpaka leo, zinakula kutu, na fedha aliyozikia pale chini haiwezi kuchimbuliwa.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wengi hawalijui. Kiwanja kuwa mlimani hakumaanishi moja kwa moja kwamba umekosa. Kama karibu nawe kuna kilima kirefu zaidi ambacho marubani tayari wanakikwepa, wataalamu wanaweza kupima iwapo jengo lako linaongeza hatari yoyote, na unaweza kuruhusiwa, pengine kwa sharti la taa nyekundu juu ya paa. Kwa mji uliojaa miamba kama wetu kipengele hiki kina maana kubwa. Lakini anayejua kukiombea ni yule mwenye mhandisi wa gharama. Wengine wanakata tamaa, au wanaongeza ghorofa kimyakimya wakisubiri siku ya kuchorewa X.

Ombi langu kwa Manispaa ya Ilemela na TCAA ni kwamba usawa wa kiwanja uandikwe kwenye ramani ya upimaji; mpima ardhi ana kifaa kinachompa namba hiyo akiwa palepale kwenye jiwe. Ramani ya maeneo yenye ukomo wa urefu ibandikwe katika ofisi za serikali za mitaa, maana huko ndiko mauziano yanakoandikiwa. Kibali cha urefu kitangulie michoro, si kuifuata. Na hao ambao ujenzi wao umeshasimama wapewe majibu ya maandishi yenye namba, yaani mita ngapi na kutoka usawa upi, ili mtu ajue kama akate rufaa, aezeke alipofika, au auze.

Mchora ramani,
Pasiansi, Mwanza