Shukrani kwa mzee wa maabara, Tanga

Shikamoo mzee wangu. Jina lako sikuliuliza hadi naondoka, naona haya. Mimi ni yule mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo aliyekuja mbio na chupa ya maji ya bahari ya Raskazone, akidai kipimo cha pH, yaani cha kiwango cha asidi, kinasoma 5. Hukunicheka. Ulisema tu, “Mwanangu, kipimo chenyewe umekipima?” Ukanionyesha: suuza elektrodi, ile ncha ya kupimia, ichovye kwenye bafa (kimiminika ambacho pH yake inajulikana) ya 7, kisha ya 10, maana bahari huwa juu ya 8 kidogo. Nikarudia. 8.1! Nilikuwa nimeshaanza kuandika ripoti ya maajabu. Na vile vitumbua, siku niliyoishiwa nauli, sijavisahau. Ahsante sana, mzee wangu.