Milima ya Bukavu na jumba la wafalme wa Korea

Bwana Mhariri,

Hapa Bukavu mtu akipata parseli ku mlima, kitu ya kwanza ni kuchimba paka iwe sawa, halafu mvua ikinyesha ukuta unaanguka kwa jirani wa chini na kesi inaanza. Sasa angalieni Changdeokgung, jumba la wafalme pale Seoul, walianza kulijenga 1405 chini ya mlima na hawakulazimisha majengo yakae mstari moja kama yale ya Gyeongbokgung, jumba lingine la wafalme pale Seoul, kila nyumba iliwekwa penye udongo unakubali. Mlango mkubwa Donhwamun uko kwenye kona, unaingia, unapinda kulia, unavuka daraja ya mawe, unapinda tena kushoto ndo unafika kwa ukumbi wa mfalme (eti mfalme mzima!). Nyuma ya nyumba ya malkia mteremko wameukata ngazi ngazi, kila ngazi na ukuta wake mfupi wa mawe, juu yake maua, udongo haushuki ovyo. UNESCO ililiandika kwenye orodha ya urithi wa dunia 1997.

Mawe kwetu yamejaa. Wanaotoa vibali vya kujenga, mbona hamuombi hizo ngazi, pamoja na mifereji ya maji ya mvua, kabla ya kupiga muhuri?

Msomaji wenu, Kadutu