Laki Sita Hizo Sikutumii

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza. Nikisema neno moja wewe una matatu, halafu unasema mwalimu mkuu anakuita. Dereva wa taksi anayeondoka hapa Busia alfajiri atakuletea barua hii hapo Jinja, pamoja na mifuko miwili. Habari ya mifuko nitakueleza mwisho.

Laki sita hizo ulizoniomba, za kumlipa mtu anayesema atakurudishia milioni nne ulizopoteza kwenye ile kampuni ya kuwekeza, sikutumii. Jumapili nilikuambia "nitaangalia", nikakosea, maana najua umeshazihesabu. Si kwamba sina kabisa. Najua dada yako alikudokeza kuwa nimepata ile milioni ya PDM, ule mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi, ndiyo maana ulipiga siku ya pili yake. Milioni ile ni mkopo wa kikundi, nitairudisha ili mwenzangu naye achukue, na nusu yake imeshaingia kwenye kuku. Lakini hata ningekuwa nazo kwenye kopo, kwa kazi hiyo usingezipata.

Unasema huyo mtu alifanya kazi ndani ya kampuni. Anajua akaunti ilikofichwa fedha. Kuna orodha ya watakaolipwa kwanza, na anayetaka jina lake liwe juu atoe "ada ya kufungua" kabla ya Ijumaa. Nimekaa na maneno hayo usiku mzima. Aliyekuchukulia milioni nne alikupa tarehe. Huyu naye amekupa tarehe. Mtu aliyeshika fedha zako na anayetaka kukurudishia angekata ada yake humo humo, akakupa zinazobaki. Halafu amejuaje kwamba zilikuwa milioni nne kamili? Hukumwambia, umeniapia hivyo. Mimi nadhani kitabu cha majina yenu na namba zenu ndicho kitu pekee cha thamani kilichobaki katika ile ofisi, na kuna mtu anatembea nacho.

Usimlipe. Hata ukikopa kwingine, usimlipe.

Sasa niseme lililoniuma, kisha niliache. Wewe unafundisha hesabu darasa la sita. Ulipofaulu chuo nilipita soko zima nikiwaonyesha watu picha yako na lile joho, hadi wauza nyanya walinichoka. Kampuni iliahidi faida ya 30 kwa kila 100, kila mwezi. Juzi dada yako alishika simu akapiga hesabu: milioni 1 ukiiacha humo mwaka mmoja, faida ikizaa faida, inakuwa zaidi ya milioni 23. Biashara gani ya mbuzi au ya nini ingezaa hivyo? Swali hilo mwanafunzi wako angelikataa kwamba limekosewa. Na Masaka, Desemba 2019, kampuni nyingine ya namna hii, Dunamiscoins, ilipofunga milango, si tulikaa hapa sebuleni tukiona kwenye televisheni watu wamejazana nje ya ofisi? Wewe ndiye uliyesema, "Mtu anawezaje kuuza ng'ombe akampa asiyemjua?" Nilikupikia chai huku nikisema huyu mtoto ana akili.

Najua utajibu kwamba walikulipa. Ndiyo, miezi miwili walikulipa. Zilikuwa fedha za mwalimu mwenzako aliyeingia nyuma yako, na za mama yako mdogo aliyeingia nyuma yake. Shamba walilokuambia fedha zinakwenda halikuwepo. Watu wapya walipopungua, faida ikaisha.

Na najua nani alikuwa anakuuliza kila ukija Krismasi kwa nini mwenzako wa darasa moja amejenga, tena kwa mabati ya rangi, na wewe bado unapanga chumba kimoja. Mtu huyo naye asikie hapa.

Unanitajia benki. Unasema Greenland ilifungwa 1999 na waliokuwa na akiba wakaja kulipwa. Ile ilikuwa benki, mwanangu, chini ya Benki Kuu. Benki ikifungwa leo kuna Mfuko wa Ulinzi wa Amana, unalipa hadi shilingi milioni 10 kwa mtu katika benki hiyo. Kampuni yenu haikuwa benki. Cheti mlichoonyeshwa ukutani, ulichonitumia picha yake, ni cha kusajili jina la kampuni. Hata mimi nikitaka naweza kusajili kampuni ya mukene, dagaa hawa ninaouza. Ruhusa ya kukusanya fedha za watu ili kuziwekeza inatoka kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na hakuna hata mmoja wenu aliyekwenda kuwauliza kama wanaijua kampuni hiyo. Hayo nimeelezwa na kijana anayetusaidia vitabu vya SACCO yetu, nami nikamwuliza mara mbili ili nisikuandikie uongo. Akaniambia pia kwamba hata wale wenye leseni, fedha ulizowekeza kwao hazilindwi na ule mfuko wa amana. Tofauti ni kwamba wana wa kuwakagua, na hawakuambii 30 kwa mwezi.

Nimeanza kukuhubiria. Narudi.

Muhula ule uliokaa nyumbani, sekondari mwaka wa pili, mpaka ukarudia darasa, nilikuambia mukene wangu ulinyeshewa ukitoka ziwani Majanji, ukaoza. Ulinisaidia kuanika uliobaki, unakumbuka. Mvua ilinyesha kweli. Lakini uliooza ulikuwa magunia mawili tu, na karo yako haikuwa humo. Karo yako ilikuwa imekwenda wiki tatu kabla, kwa watu waliokuja sokoni na meza na miavuli, wakasema ukiweka laki tatu unachukua tano. Niliweka laki tisa. Walipoondoka akaja mama mmoja na fomu, anaandikisha waliopoteza, elfu hamsini kila jina. Nikalipa. Baada ya mwezi akasema wakili anahitaji laki moja na ishirini. Nikalipa. Akarudi mara ya tatu kutaka nauli ya Kampala. Hiyo pia nilitoa.

Zile laki tisa nilidanganywa. Hizi za baadaye, nikikuambia ukweli, moyoni nilijua. Nilitoa kwa sababu kila nilipolipa niliweza kujiambia bado zinafuatiliwa, na kama zinafuatiliwa sina haja ya kumwambia baba yako kwamba zimekwisha. Amekwenda kaburini akiamini ni mvua.

Kwa hiyo ninaposema usimlipe, najua unakopita. Hujamwambia mama yako mdogo. Ananipigia kila Jumatano ananiuliza, "Mtoto anasemaje?", nami nafunika. Laki sita za huyo mtu zinakununulia mwezi mwingine wa kutokumwambia. Ndiyo kazi zinayofanya.

Mambo ya kufanya yapo. Zile jumbe zote za simu, za kutuma fedha na za kupokea, usifute hata moja. Ziandike kwenye daftari kwa tarehe, na kama kuna karatasi za stakabadhi zipige picha. Nenda polisi ukaandikishe maelezo. Hapo Jinja panatosha kuanzia, na kama faili limekusanywa na wapelelezi wa makao makuu ya Kibuli, Kampala, watakuambia. Kuandikisha maelezo hakulipiwi, na akitokea afisa wa kukuambia kunalipiwa, ondoka urudi na mwenzako. Mahakama ikija kumweka mfilisi, wanaoidai kampuni watatakiwa kupeleka madai yao. Wewe peleka lako, kwa karatasi, na ushike nakala. Kisha uishi kana kwamba hazirudi. Huo ni ushauri mgumu lakini ndio nilionao.

Na mkopo wa mshahara, kwa kuwa unakatwa kabla hujauona mshahara wenyewe, nenda benki uulize kama wanaweza kuongeza miezi ili makato yapungue. Watakuongezea riba, uliza kiasi gani kabla ya kutia sahihi. Usiende kwa wale wa mtaani wanaoshika kadi ya ATM na kitambulisho chako. Mwalimu mmoja wa hapa amefundisha miaka miwili, mshahara wake unachukuliwa na mtu mwingine kwenye mashine, yeye anaishi kwa viazi vya mke wake. Halafu utanipigia kwamba huyo wa kadi ni mtu mzuri. Usiniambie.

Walimu wenzako watatu uliowaingiza, na ile zawadi uliyopewa kwa kila kichwa: mimi ningekuwa wewe ningeirudisha, hata kwa kidogo kidogo. Sikulazimishi. Lakini mtakaa nao chumba kimoja cha walimu miaka mingi.

Hapa kwetu hatujambo. Kuku ishirini niliowanunua wamebaki kumi na saba, watatu wamekufa kwa mdondo kabla ya chanjo kufika. Bati la jikoni bado linavuja pale juu ya jiko, usiniletee fundi wako wa mara iliyopita. Mahindi bei imeanguka, wanunuzi kutoka ng'ambo ya mpaka wanalalamika yana unyevu, kwa hiyo nimeyatandaza tena kwenye turubai na mtoto wa jirani anafukuza mbuzi. Dada yako anataka kusuka nywele kwa elfu arobaini. Nimekataa, amenuna, ataacha.

Simu yako usiizime usiku. Jana nilipiga saa nne haikuita, na saa saba tena haikuita. Nilikaa kitandani mpaka adhana. Kama betri imekufa, sema, betri nitakununulia.

Kwenye mfuko mdogo kuna mihogo mikavu, karanga na elfu themanini ndani ya pakiti ya majani ya chai. Hizo ni za kula. Nimezifunga humo kwa sababu dereva ni mtu mwema lakini konda simjui. Mfuko mkubwa ni mukene, umekauka vizuri, hauna mchanga. Huo ni wa mama yako mdogo. Anarudi kutoka dukani kwake saa kumi na mbili jioni. Mpelekee mwenyewe, usimtume mtu wa boda, na usiondoke kabla hajakukaribisha kukaa.

Mama yako,
Busia