Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama kwa Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, ninawasilisha kwenu taarifa ya mwaka ulioishia Desemba 2025 ya chama chetu cha wasomaji wa riwaya za kisayansi. Mikutano ya kila mwezi ilifanyika yote 12, maktaba iliyoko kwa katibu iliendelea kuazimisha vitabu, na shindano la hadithi fupi lilifanyika Agosti kama kawaida. Mambo hayo mnayafahamu na mihtasari mlitumiwa, kwa hiyo sitayarudia.

Ninalolazimika kulieleza kwa kirefu ni uamuzi wa Kamati Tendaji wa mwezi Mei, uliozua maneno mengi hadi ikasemwa kwamba mwenyekiti ameipora furaha ya vijana wa chama. Mkutano mkuu uliopita ulitenga shilingi 550,000 za tiketi ili twende pamoja kuitazama filamu ya tatu ya Dune, iliyotangazwa kutoka Desemba 2026, ambayo mwongozaji Denis Villeneuve anaitengeneza kutokana na Dune Messiah, riwaya ya Frank Herbert ya mwaka 1969 inayofuata riwaya yake ya kwanza ya mfululizo huo, Dune. Kamati, kwa kura 4 dhidi ya 3, iliamua kwamba shilingi 532,000 kati ya fedha hizo zinunue nakala 14 za riwaya hiyo, yaani shilingi 38,000 kwa kila nakala. Hoja niliileta mimi, na kura ya nne ilikuwa yangu. Sipendi mjumbe mwingine abebe lawama isiyomhusu.

Wanaosema nilipaswa kuitisha mkutano wa dharura wakumbuke kwamba niliuitisha. Taarifa ilitolewa siku 14 kabla, akidi ni wanachama 20, na waliofika walikuwa 9. Tulisubiri saa nzima, tukanywa chai, tukaagana. Ibara ya katiba inayoiruhusu Kamati kuhamisha fungu pale mkutano unapokosa akidi haikuandikwa na mimi, niliikuta.

Kilichonisukuma ni jambo nililoliona kwa macho yangu mwezi Aprili. Mjadala wa filamu ya pili, ile ya mwaka 2024, uliwaleta watu 34, na vijana wengine walisimama mlangoni kwa kukosa viti. Nilipouliza ni nani aliyesoma Dune Messiah, mikono iliyoinuka ilikuwa mitatu. Mwezi uliofuata tulipoketi kusoma sura ya kwanza ya riwaya hiyo, tulikuwa 6 kuizunguka nakala moja, ambayo jalada lake limeshikwa kwa selotepu na kurasa zake za mwisho huchomoka ukizifungua kwa haraka. Umeme ulipokatika, mwanachama mmoja aliwasha tochi ya simu, akaendelea kusoma kwa sauti hadi mwisho wa sura. Nilirudi nyumbani usiku ule nikiwa nimekwisha kuamua nitakachokipeleka kwenye Kamati.

Hofu yangu, ndugu zangu, si kwamba filamu itakuwa mbaya. Filamu ya mwaka 2021 ilipata tuzo 6 za Oscar, na mimi ni miongoni mwa waliotoka ukumbini wakiwa hawana la kusema, kwani jangwa lililopigwa picha Wadi Rum huko Jordan na kwenye matuta ya mchanga ya Abu Dhabi lilikuwa jangwa lilelile nililokuwa nalo kichwani tangu ujana wangu. Hofu yangu ni kwamba picha ina nguvu kuliko maandishi, na mtu akiiona kwanza, basi kitabu anakisoma kwa macho ya kuazima. Wazee wa chama mnaikumbuka filamu ya David Lynch ya mwaka 1984. Inamalizika kwa mvua kunyesha Arrakis, sayari ya jangwa inayoitwa pia Dune, na Paul, shujaa wa hadithi, kuonekana kama mtenda miujiza, ilhali aliyekisoma kitabu anajua kwamba maji ni sumu kwa mnyoo wa mchangani, na bila mnyoo hakuna kiungo kile ambacho dola nzima inakigombania. Mvua moja ya dakika za mwisho iliiangusha hoja yote ya mwandishi, na wapo waliokaa miaka na miaka wakiamini kwamba Herbert ndivyo alivyoandika.

Wasomaji wengi walimshangilia Paul bila kuliona onyo, na katika riwaya ya pili Herbert aliliweka wazi. Ndani yake, miaka 12 baada ya ushindi, Paul mwenyewe anahesabu waliouawa kwa jina lake na kufikisha bilioni 61. Mhariri John W. Campbell, aliyeichapisha Dune kwa sehemu katika jarida lake, aliikataa Dune Messiah, kwani hakutaka kumwona shujaa akiporomoka. Kama mhariri aliyeizoea hadithi ile kiasi hicho alishindwa kulipokea onyo, sisi tutalipokeaje tukiwa na saa mbili au tatu za kiza na muziki mkubwa?

Nakiri kwamba matumaini yapo, na upande wa kura tatu uliyaeleza vizuri. Villeneuve ameeleza hadharani kwamba alimpa Chani, mpenzi wa Paul aliyezaliwa jangwani, mashaka ili mtazamaji asidanganyike kumwona Paul kuwa mkombozi, na ndiyo maana filamu ya pili inaishia na Chani akiondoka peke yake jangwani. Hata hivyo, katika kitabu Chani hakuondoka, na katika riwaya ya pili yuko ubavuni mwa Paul tangu mwanzo. Atarudishwaje? Dada yake Paul, Alia, ambaye kitabuni ni mtoto anayetembea, anayesema, na anayemuua Baroni, adui wa familia yao, kwa mkono wake, kwenye filamu ya 2024 bado yumo tumboni mwa mama yake. Hayo ndiyo ninayotaka tuyajadili tukiwa tumesoma, kila mmoja akiwa na ukurasa wake wa kuonyesha.

Liko pia jambo linalotuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili kuliko wengi. Filamu ya 1984 ilipotoka Marekani, watazamaji waligawiwa karatasi ya maana za maneno. Sisi hatukuihitaji sana. Chukueni majina anayoitwa Paul huko jangwani. Jina Usul linatukumbusha usuli, na riwaya inalieleza kuwa ni kitako cha nguzo. Muad'Dib ni ndugu wa kuadibu. Lisan al-Gaib hatuhitaji kuambiwa mara mbili kwamba ndani yake mna ghaibu. Na Mahdi sote tunamfahamu. Neno jihadi limejaa kitabuni, lakini kwenye filamu za Villeneuve limeondolewa na mahali pake pamewekwa vita vitakatifu. Sibishani na sababu zao. Ninachosema ni kwamba msomaji wa pwani anayekutana na neno hilo katika ukurasa wa Herbert hushtuka kwa namna ambayo tafsiri ya skrini haiwezi kumshtua, na mshtuko huo ni haki yake.

Kuhusu fedha, mweka hazina amenikabidhi hesabu zifuatazo. Wanachama ni 58 na ada ni shilingi 30,000 kwa mwaka. Waliolipa zote ni 21, waliolipa nusu ni 9, na 28 hawakulipa kitu. Makusanyo ni shilingi 765,000 badala ya 1,740,000, hivyo deni ni shilingi 975,000. Pamoja na salio la nyuma la shilingi 212,000, tulikuwa na shilingi 977,000, na tulitumia 832,000, ambazo ni vitabu 532,000, pango la chumba 180,000, chai na vitafunio 96,000, na karatasi na kalamu 24,000. Salio ni shilingi 145,000. Kati ya wanachama 12 walioniandikia barua ya malalamiko kuhusu tiketi, 8 wanadaiwa ada. Ningependa wafahamu kwamba deni la ada lingelipwa, tungenunua vitabu na tiketi vyote viwili, na barua ile isingekuwa na sababu ya kuandikwa. Ninalisema hili kwa uchungu, kwani chumba nimekilipia mara mbili kutoka mfukoni mwangu na sijadai kurejeshewa.

Kwa mwaka ujao tunatumaini, Mungu akijalia, kupata kabati la maktaba, kuzialika shule za sekondari jirani, na kuanza faharasa ya Kiswahili ya majina ya Dune pale watakapopatikana wa kujitolea. Suala la tiketi litarudi mezani ada zikikusanywa.

Kati ya nakala 14, 9 zimekwisha kuazimwa na 5 ziko kwa katibu. Muda wa kuazima ni wiki tatu, na anayedaiwa ada naye anaruhusiwa kuchukua.

Mwenyekiti